Nani Aliandika Ripoti? Riwaya za Askari Waliovua Sare

Jirani yangu ni afande mstaafu. Alitumikia polisi miaka 34, sehemu kubwa akiwa askari kanzu, na tangu astaafu mchana unamwia mrefu. Mwaka juzi nilianza kumwazima riwaya za kipelelezi. Husoma na kalamu mkononi. Siku moja alinirudishia kitabu kimoja akiwa ameweka alama kubwa ya kuuliza kwenye ukurasa ambapo shujaa anawamiminia risasi watu sita gerejini, anajifuta jasho, anapanda gari na kwenda kula chakula cha usiku na mwanamke mrembo.

Nikamuuliza, "Afande, hapa pana nini?"

"Mwanangu, bastola si ya kwake. Ameichukua ghala la silaha, ameandikiwa na idadi ya risasi. Asubuhi anakwenda kurudisha nini? Maganda yameokotwa na nani? Na nani aliandika ripoti?"

Nilicheka kidogo, yeye hakucheka. Swali lile limenikaa kichwani mpaka leo, na kila ninaposoma riwaya ya mapambano iliyoandikwa na mtu aliyewahi kuwa polisi, ndilo ninalolitafutia jibu.

Waandishi wa namna hiyo ni wengi, hasa Marekani na Uingereza, na wachapishaji wao huyatanguliza maneno "aliyekuwa askari" kwenye jalada kama fundi anavyotaja jina la bwana aliyemfundisha kazi. Msomaji anaambiwa: huyu alikuwepo, mwamini. Biashara hiyo ni ya zamani. Eugène-François Vidocq, mfungwa mtoro wa Ufaransa aliyegeuka mpelelezi na kuanzisha kikosi cha upelelezi cha Sûreté mjini Paris mwanzoni mwa karne ya 19, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1828, na zilipita mikononi mwa waandishi wa kulipwa waliozitia chumvi nyingi. Watu walizinunua kama ushahidi. Mwandishi wa riwaya Balzac alimchukua mtu huyo akamgeuza mhusika wake Vautrin. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo ushahidi wa askari ulifika sokoni ukiwa umeshakolezwa.

Ni nini hasa alichonacho askari aliyestaafu ambacho mwandishi mwingine hana? Jibu la haraka ni silaha, lakini jibu hilo halisimami. Mwaka 2017 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo ya mahojiano na askari karibu 8,000. Asilimia 27 ndio waliosema wamewahi kufyatua silaha wakiwa kazini, nje ya mazoezi ya shabaha. Raia walipoulizwa wanavyodhani, asilimia 83 waliamini kwamba askari wa kawaida amewahi kufyatua angalau mara moja. Na hii ni nchi ambayo bunduki ziko kila mahali. Pengo la 27 na 83 limejazwa na nani, kama si skrini na vitabu? Wale waliowahi kufyatua kweli husimulia mambo yasiyofanana na ya gerejini: masikio yanaziba, macho yanaona tundu dogo tu mbele, mikono inatetemeka hata baada ya yote kwisha. Kisha zinakuja wiki za kuhojiwa na kuandika.

Kuandika. Hapo ndipo ninapotaka tukae. Askari ni mwandishi tangu mwezi wake wa kwanza kazini. Anaandika kwenye kitabu cha matukio, anaandika maelezo ya mlalamikaji, anaandika maelezo ya mtuhumiwa, anaandika ripoti kwa mkubwa wake. Nadhani hakuna kazi nyingine inayomlazimisha mtu wa kawaida kusimulia visa vingi namna hiyo, usiku na mchana, kwa miaka thelathini. Lakini anasimulia kwa lugha iliyokatwa na kushonwa zamani, na anaikuta inamsubiri. "Mnamo majira ya saa saba usiku nikiwa doria, nilimtilia shaka mtu mmoja wa jinsia ya kiume." Kwa nini ulimtilia shaka? Alivaaje? Alikutazama vipi? Ripoti haina nafasi hiyo.

Lugha hiyo tumeizoea sote kupitia taarifa za habari. "Majambazi watatu wameuawa katika majibizano ya risasi." Majibizano ni neno la watu wawili wanaobishana, mmoja anasema, mwingine anajibu. Unapolisikia unaona pande mbili zilizokuwa sawa, hata kama upande mmoja haukupata nafasi ya kusema lolote. "Alifariki dunia akiwa njiani kupelekwa hospitali." Njia ipi, ndani ya gari gani, amelala upande gani, nani alikuwa amemshika kichwa? "Aliuawa na wananchi wenye hasira kali." Wananchi hao hawana sura, hawana majina, hakuna aliyewaona wakirudi makwao kunawa mikono. Maneno haya hayadanganyi waziwazi. Yanafunika, kama turubai linavyofunika mzigo: unajua pana kitu, huoni ni nini.

Askari mstaafu ndiye mtu pekee aliyewahi kulishika turubai lile kwa mikono yake. Akiandika riwaya, anayo nafasi ya kulifunua. Kwangu mimi ubora wa riwaya yake unapimwa hapo, kwamba imesema mangapi ambayo ripoti iliyaficha. Akitumia kitabu kuandika ripoti nyingine ndefu zaidi, yenye mapambano na mapenzi ndani yake, basi amenipotezea muda hata kama kila bastola imetajwa kwa namba yake.

Aliyelifanya jambo hili kwa ujasiri kuliko wote ninaowajua ni Joseph Wambaugh. Alizaliwa mwaka 1937 Pennsylvania, mtoto wa askari, akaingia polisi ya Los Angeles mwaka 1960 na kupanda hadi sajini wa upelelezi. Riwaya yake ya kwanza, The New Centurions, ilitoka mwaka 1971 akiwa bado kazini, ikifuatiwa na The Blue Knight mwaka 1972. Alijaribu kuendelea na kazi zote mbili, lakini watuhumiwa aliowafunga pingu walianza kumwomba saini, na mwaka 1974 akaacha kazi. Alifariki Februari 2025 akiwa na miaka 88. Alizoea kusema kwamba hakuvutiwa sana na jinsi askari anavyoishughulikia kesi, alivutiwa na jinsi kesi inavyomshughulikia askari. Kwa Kiswahili neno hilo linauma zaidi, kwa sababu sisi tunajua maana ya kumshughulikia mtu.

Msimulizi wa The Blue Knight ni Bumper Morgan, askari wa lindo wa miaka 20 kazini, aliyebakiza siku chache tu astaafu. Ni mnene, ana mdomo, anapendwa mitaani. Anakula bure kwenye mikahawa ya eneo lake na amejiaminisha kwamba ni heshima anayopewa. Wambaugh hamhukumu. Anamwacha ale, atuelezee utamu wa kila sahani, na sisi tunaanza kuhesabu bili. Anayejua maana ya "chai" ya askari hatahitaji maelezo. Kwenye kitabu cha mtu wa nje, askari anayekula bure angekuwa fisadi wa kuchorwa kwa mistari miwili. Hapa tunakaa naye mezani, tunaona alivyofika pale hatua kwa hatua, na tunaona kwamba hajui tena tofauti kati ya kupendwa na kuogopwa.

Halafu inakuja siku ya mahakamani. Bumper anapanda kutoa ushahidi dhidi ya mtu aliyemkamata, na anadanganya chini ya kiapo. Anadanganya kuhusu jinsi alivyomfikia mtuhumiwa, kwa sababu ukweli ungemfichua mtoa habari wake na kuivuruga kesi. Anajua mtuhumiwa ana hatia. Anajua amekula kiapo. Anapanga uongo wake taratibu, kwa utulivu wa mtu aliyewahi kufanya hivyo, na tunamsikia akijenga sentensi moja baada ya nyingine. Uongo unagundulika. Hakimu anamwita faragha na kumkemea, na lile dubwana la mitaani linasimama mbele yake kama mtoto wa shule. Katika kitabu chenye fujo, vipigo na kifo cha rafiki yake wa karibu, hicho ndicho kipande kilichonipandisha mapigo ya moyo. Hakuna risasi hata moja. Kuna mtu anayetoa ripoti ya uongo huku mwandishi aliyewahi kusimama pale akituonyesha kila mshono. Najiuliza Wambaugh alijisikiaje kuiandika sehemu ile akiwa bado na beji mfukoni, akijua kesho yake atakutana na wenzake kwenye gwaride la asubuhi.

Kitabu chake cha 1973, The Onion Field, si riwaya, ila kimejengwa kama riwaya na siwezi kukipita. Usiku wa Machi 9, 1963, askari wawili wa Hollywood, Ian Campbell na Karl Hettinger, walisimamisha gari lenye vijana wawili, Gregory Powell na Jimmy Lee Smith. Powell alimwelekezea Campbell bastola. Campbell akamwambia mwenzake atoe silaha yake, na Hettinger baada ya kusita akaitoa. Walipelekwa hadi shamba la vitunguu karibu na Bakersfield. Campbell aliuawa pale. Hettinger alikimbia gizani akaokoka.

Mwandishi wa kawaida wa mapambano angeishia shambani, au angeendelea na msako wa wauaji. Wambaugh alimfuata aliyeokoka. Jeshi la polisi lilitoa waraka ulioagiza kwamba askari asisalimishe silaha yake kamwe, na Hettinger akazungushwa kituo kwa kituo kuwasimulia wenzake yaliyotokea, kama mfano wa kosa. Fikiria kusimama mbele ya askari wenzako ukisimulia usiku rafiki yako alipokufa, na wote wanajua umeletwa pale ili wasifanye ulivyofanya. Alianza kuota ndoto mbaya. Alianza kuiba vitu vidogo madukani, yeye askari. Alikamatwa na kuacha kazi mwaka 1966. Ripoti ya jeshi ilikuwa imeshaandika kisa chake kwa ufupi: askari alisalimisha silaha, mwenzake akafa. Wambaugh alipitia maelfu ya kurasa za mwenendo wa kesi ili akiandike upya, na akamrudishia mtu yule ubinadamu uliochukuliwa na waraka mmoja. Kama askari mstaafu anatafuta sababu ya kushika kalamu, hii inatosha kabisa.

The Choirboys ya mwaka 1975 sitaiongelea sana. Askari wa zamu ya usiku wanakutana bustanini kulewa na kuita ulevi wao mazoezi ya kwaya, hadi usiku mmoja mtu anapigwa risasi. Imejaa matusi na dharau kwa wanawake, na kuna kurasa nilizozisoma nikiwa nimekunja uso. Lakini uoga uliomo ndani yake ni wa kweli.

Na yapo mapungufu ya Wambaugh mwenyewe, ambayo ni mapungufu ya aina hii yote ya uandishi. The New Centurions inafika kilele katika ghasia za Watts za Agosti 1965, ambapo watu 34 walikufa ndani ya siku sita baada ya dereva kijana mweusi kusimamishwa barabarani. Tunaziona ghasia zile kupitia kioo cha gari la polisi. Tunawajua vizuri vijana watatu wenye sare, hofu zao, ndoa zao, hata aibu ya yule wa asili ya Meksiko anayejifanya hajui Kihispania. Wakazi wa Watts wanakuja kama moshi, kelele na mawe. Mwandishi alifunua turubai kwa upande wa ndani, akauona uchungu wa wenzake, lakini kioo cha gari hakukishusha. Simlaumu kwa ukali, maana aliona alipokaa. Msomaji, hata hivyo, lazima ajue kioo kipo.

Waliomfuata wengi hawakufika hata hapo. Wapo waliofanya kazi nzuri kwa njia yao: Luteni William Caunitz wa New York, kwenye One Police Plaza ya mwaka 1984, alijua jinsi siasa za ghorofa ya juu zinavyoiua kesi ya ghorofa ya chini. Lakini soko likapenda zaidi askari anayevunja sheria kwa sababu sheria, anavyoona yeye, inawalinda wahalifu. Anampiga mtuhumiwa, mtuhumiwa anasema ukweli, mtoto aliyetekwa anaokolewa kabla ya jua kuchwa. Kitabu baada ya kitabu kipigo kinazaa ukweli. Mwandishi akiwa daktari au mwalimu, ningesema amekosa ubunifu tu. Akiwa ni askari mstaafu, namwona amefanya kitu kibaya zaidi, kwa sababu yeye anajua mtu aliyeumizwa anasema chochote unachotaka kusikia. Anajua, na jalada limeniambia nimwamini.

Huku kwetu riwaya za upelelezi tulizolelewa nazo hazikuandikwa na askari. Bwana Msa alitoka kwa mwanahabari wa Zanzibar, Muhammed Said Abdulla. Inspekta Wingo wa Simu ya Kifo, mwaka 1965, ni wa Faraji Katalambulla. Willy Gamba alizaliwa kwenye Kufa na Kupona ya Elvis Musiba mwaka 1974, na Musiba alikuwa mfanyabiashara. Joram Kiango ni wa Ben Mtobwa, mwandishi wa habari. Nawapenda wote, na bado namwazima vitabu vyao yeyote anayeahidi kuvirudisha. Walitupa mbio, hila, mapenzi ya nchi na Kiswahili kinachokimbia. Mlango wa selo hawakuufungua, kwa sababu hawakuwahi kuushika ufunguo.

Kenya kuna jambo linalonigusa kila nikilifikiria. Kitabu cha uhalifu ambacho watu wa rika mbalimbali wanakitaja bila kufikiri ni My Life in Crime cha John Kiriamiti, kilichotoka mwaka 1984. Kiriamiti alikuwa mwizi wa benki aliyefungwa mwaka 1971, na alikiandika gerezani. Ni mwizi, basi, aliyetuketisha chini na kutuambia ilivyokuwa: jinsi tumbo linavyokaza kabla ya kuingia benki, jinsi pesa zinavyoisha, jinsi mtu anavyomdanganya mchumba wake. Katika rafu yangu mimi, mwizi ameshatoa maelezo yake kwa hiari. Askari aliyemfukuza bado yuko kimya.

Sababu za ukimya huo nazielewa. Tanzania tunayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na askari aliyeapa kutunza siri haoni mstari unaotenganisha siri ya nchi na aibu ya kituo. Kuna pensheni. Kuna wenzake walio bado kazini. Wachapishaji wetu nao wakimpata afande mwenye visa wanamwomba majambazi sugu na mapambano ya usiku, hawamwombi siku aliyoogopa.

Hayo yote nilikuwa nimeshayaandika kichwani, nikidhani nimemaliza, mpaka jirani yangu aliponionyesha daftari lake. Ni kaunta buku la kurasa nyingi, jalada gumu, mwandiko wa herufi zilizosimama wima. Kumbe amekuwa akiandika tangu mwaka jana. Alinipa nisome palepale barazani, akiwa amekaa pembeni akijifanya anasikiliza redio.

Anaandika vizuri. Kuna lindo la usiku wa mvua lililonifanya nisikie maji yakiingia kwenye buti. Kuna mwanamke aliyekuja kituoni kuomba RB, namba ya taarifa ya polisi, ya mume aliyepotea, akiwa ameshika viatu vya mume huyo mkononi, na hakueleza kwa nini amevileta, na askari wa zamu hakumuuliza. Nilisimama hapo nikarudia kusoma. Halafu nikafika kwenye kesi ya wizi wa duka, miaka mingi iliyopita, kijana mmoja amekamatwa alfajiri. Sentensi inayofuata iliandikwa kwa mwandiko uleule wa kusimama: "Mtuhumiwa alihojiwa na kukiri kosa lake."

Nikaweka kidole pale. "Mzee, alihojiwaje?"

Alipunguza redio. Alikaa kimya muda mrefu hivi kwamba nilidhani hakunisikia.

"Hakuwa yeye," akasema. "Tulikuja kumpata mwenyewe baada ya miezi minne."

"Mbona hili halipo kwenye daftari?"

"Yule kijana sasa ni mtu mzima. Anauza matunda pale kona, hata wewe unanunua kwake. Kila asubuhi nikipita ananiamkia, shikamoo mzee. Nami naitikia marahaba. Nianzie wapi kuandika?"

Nilimrudishia daftari. Nilimwambia aanzie na ile shikamoo.